Ana akili, lakini sio wako: wanyama wakubwa kwenye stori za fantasia

Kuna swali moja ambalo karibu kila mtu akimaliza The Lord of the Rings ya Tolkien, awe kasoma vitabu au kaangalia muvi, lazima aliulize: wale tai wakubwa si wangembeba tu yule kijana anaetakiwa kwenda kuiteketeza pete mlimani, wakamshusha huko siku ya kwanza, mambo yakaisha? Watu wanaliuliza kana kwamba mwandishi alisahau. Mi nalipenda sana hili swali, kwasababu ndani yake kuna fundo ambalo ukilifungua unaanza kuona jinsi fantasia inavyowachora wanyama wakubwa, na kwanini wengine wanatukaa kichwani miaka na miaka na wengine tunawasahau kabla hata hatujafunga kitabu.

Rudi kwenye kitabu kilichotangulia, The Hobbit cha mwaka 1937. Mule tai wanawanyakua Bilbo na wenzake kutoka juu ya miti ambayo maadui wamewasha moto chini yake, na ukisoma haraka haraka unasema haya, marafiki wamekuja kusaidia. Soma polepole. Mfalme wa tai alisikia kelele usiku akataka kujua kuna nini, na wale maadui hawapendi tangu zamani, na yule mchawi Gandalf aliwahi kumtibu jeraha la mshale kwahiyo kuna deni. Alafu wanapoombwa wawasogeze wasafiri mbele zaidi, anakataa kabisa kupita karibu na makazi ya watu, anasema watatutungua kwa mishale wakidhani tumefuata kondoo wao, na hapohapo anakiri kwamba siku zingine wangekuwa hawajakosea. Yaani hawa waokoaji ni wezi wa kondoo! Wana ugomvi wao na watu, wana madeni yao, wana mipaka yao, na shida za wale wasafiri kwao ni shida za majirani.

Kwahiyo anaeuliza kwanini tai hawakubeba pete, bila kujua, ameshachukulia kwamba mnyama akiwa na akili na akiwa upande wetu basi huyo ni usafiri. Fundo lenyewe ndo hilo. Tunachanganya akili na kufugika.

Na Kiswahili kinachangia kututega. Mtu akifanya ukatili tunasema kafanya unyama, mtu mwenye moyo tunasema ana utu, mtu asieelewa kitu tunamwambia acha unyama wewe au tunamwita punda, kwahiyo kichwani mwetu kuna mstari mmoja tu, huku mwisho kuna mnyama asiejua kitu na mkali, kule mwisho kuna binadamu mwenye akili na mpole, na kila kiumbe tunakipanga mahali fulani kwenye huo mstari. Ukimuongezea mnyama akili basi anasogea upande wa mtu, na akisogea upande wa mtu tunategemea apunguze ukali. Lakini hiyo ni mistari miwili tofauti imebanwa ikaonekana mmoja. Kuna mstari wa akili, na kuna mstari wa upori, na mnyama anaweza kuwa juu kwenye yote miwili kwa wakati mmoja bila shida yoyote.

Hata wanyama wa kweli wanatuonyesha hivo. Kufuga na kuzoeza ni vitu viwili tofauti. Kuzoeza ni kazi unayoifanya kwa mnyama mmoja, akifa imeisha, mtoto wake unaanza upya. Kufuga ni kubadilisha ukoo mzima, vizazi na vizazi, mpaka mnyama anazaliwa akiwa tayari anakuvumilia. Kule Siberia mwaka 1959 mwanasayansi Dmitry Belyaev alianza kuchagua mbweha wa rangi ya fedha waliokuwa wapole kuliko wenzao, akawazalisha hao tu, kila kizazi hivohivo, na baada ya miaka wakatokea mbweha wanaotikisa mkia wakimwona mtu, wengine masikio yamelegea, wengine manyoya yana mabaka kama ya mbwa. Huko ndo kufuga. Sasa tembo, binadamu amemtumia kwa maelfu ya miaka, vitani, kubeba magogo, kwenye sherehe za wafalme, na bado hajawahi kuwa mfugo, maana mimba yake ni miezi 22 hivi na mtoto anachukua miaka mingi kukua, kwahiyo mara nyingi watu waliona afadhali wakamkamate porini wamzoeze. Tembo unaemwona anabeba gogo ni mnyama wa porini anaefanya kazi. Na kwa upande mwingine, mbwa ana ubongo mdogo kuliko mbwa mwitu wa ukubwa huohuo, ingawa mbwa anajua kumsoma mtu usoni kwa namna ambayo mbwa mwitu hana haja nayo. Hakuna aliepanda ngazi wala alieshuka, kila mmoja akili yake imekwenda inapohitajika.

Kuna utafiti mmoja siuachi kuutaja kila mada hii ikija. Ulichapishwa 2014, ulifanyika Amboseli nchini Kenya, watafiti waliwachezea tembo sauti zilizorekodiwa za watu mbalimbali wakisema maneno yaleyale, na tembo wakisikia sauti za wanaume wa Kimasai walikuwa na wasiwasi zaidi, wanajikusanya, wanainua mkonga kunusa, kuliko wakisikia wanaume wa Kikamba, na hata kwa Wamasai wenyewe, sauti za wanawake na za wavulana hazikuwatisha hivo. Maana yake wamejifunza kabila, jinsia na umri kwa kusikiliza tu, kwasababu wanaojua kurusha mkuki ni wanaume wa watu fulani. Ukiniuliza akili ya porini inafananaje nitakwambia ni hiyo hapo, kumjua binadamu vizuri sana bila kumtii hata kidogo. Na fantasia nzuri inachukua hapohapo inakuza.

Sasa kwanini wanyama wakubwa? Hapa inabidi tuwakumbuke sungura na fisi. Kwenye ngano tulizosimuliwa utotoni akili inakaa kwenye mwili mdogo. Sungura ndo mjanja, tembo anadanganywa, simba anaingizwa mjini, fisi ndo kabisa. Ina mantiki yake hiyo, stori inagawa kwa haki, mwenye nguvu ananyimwa akili na asie na nguvu anapewa, ili pambano liwe na utamu na ili mdogo anaesikiliza apate matumaini. Fantasia inavunja huo mgao. Inachukua kiumbe kikubwa kuliko nyumba, chenye meno, pengine chenye mabawa na moto, alafu inakipa na akili juu yake. Yaani inampa mmoja vyote.

Na ukishampa mmoja vyote swali linalofuata ni: kinamzuia nini? Kwanini asile kila mtu akamaliza?

Mi hilo ndo naliona la kwanza kabisa kwenye hizi stori zote. Angalia breki iko wapi. Kama kinachomzuia mnyama ni kitu cha binadamu, kamba, hirizi, kiapo alicholazimishwa, mapenzi kwa hiro ambayo hayana sababu, basi huyo ni mfugo hata kama ana pembe tisa na anaongea kama profesa. Kama kinachomzuia kinatoka kwake mwenyewe, sheria yake, deni lake, kiburi chake, njaa yake kuisha, uzee wake, basi huyo ni wa porini hata kama anakaa na wewe chumba kimoja. Ukishaiona hii hutaacha kuiona.

Chukua Kipling, The Jungle Book ya 1894 na ya pili ya 1895. Watu wengi wanakumbuka katuni na dubu anaeimba, lakini kwenye maandishi wanyama wana Sheria, na Sheria hiyo inakataza kumla binadamu isipokuwa mnyama anapomfundisha mtoto wake kuua. Ungetegemea sababu itakuwa huruma. Wapi! Sababu halisi inayotolewa mule ni kwamba ukiua mtu mwisho wake watakuja watu wenye bunduki juu ya tembo, na msitu mzima utateseka. Ni hesabu ya kiusalama ya wanyama wenyewe kwa wenyewe, imetungwa porini kwa ajili ya pori. Na wakati wa ukame tembo mzee Hathi anatangaza amani ya maji, hakuna kuwinda sehemu ya kunywea, chui na swala wanakunywa mto mmoja, na mvua ikirudi amani inaisha, kila mtu ashike njia yake. Huyohuyo Hathi na wanawe kwenye stori nyingine wanakifuta kijiji kizima, mashamba, ghala, nyumba, na wanafanya kwa mpango, sio kwa hasira ya kipofu. Kipling alikuwa mtu wa dola ya Waingereza na maandishi yake yamejaa hiyo harufu, hilo silifichi, lakini kwenye kuwapa wanyama wakubwa siasa yao wenyewe alijua anachofanya.

Joka Smaug wa kwenye The Hobbit breki yake ni kiburi na uchoyo. Anaongea vizuri kuliko mtu yeyote mule ndani, anapanda shaka kati ya marafiki kwa sentensi mbili tatu, anasikia harufu ya mwizi asiemwona, na mwisho anaponzwa na kujisifia, anaonyesha kifua chake kilivyojaa vito na mgeni anaona sehemu iliyo wazi. Huwezi kumfunga kwa kamba lakini unaweza kumfunga kwa sifa. Huo ni udhaifu wa kiumbe chenye akili nyingi, jiwe halina kiburi.

Yule mnyama nusu tai nusu farasi kwenye kitabu cha tatu cha Harry Potter, cha 1999, breki yake ni heshima. Unatakiwa umwangalie, uiname, usubiri, na kama na yeye hajainama basi rudi nyuma taratibu. Hakuna mjeledi, hakuna lijamu, kuna adabu tu kama ya kumsalimia mkubwa. Kijana mmoja anamtukana na anakwaruzwa, na kinachofuata ndo kinaniuma kila nikisoma, watu wazima wanakaa kama mahakama na kumhukumu mnyama kifo kwa sheria ambayo yeye hakuwahi kuisikia, wakati sheria yake yeye ilikuwa wazi na kijana aliambiwa mapema.

Lakini kama nikiambiwa nichague mmoja tu wa kuelezea hii mada yote, namchagua dubu. Iorek Byrnison, kwenye Northern Lights ya Philip Pullman, 1995. Hawa dubu wa kaskazini wanaongea, wanafua chuma, wanavaa deraya nzito walizotengeneza wenyewe, na ya Iorek ni ya chuma cha kimondo, na kwao hiyo deraya ndo roho. Tunamkuta akiwa kibarua katika mji wa watu, walimlevya pombe kali wakamwibia deraya yake, anafua vyuma vya watu, analipwa nyama na pombe. Ukiangalia vizuri hiyo ni picha ya kumfuga kiumbe ambae hafugiki, na jinsi mwandishi alivyoichora inauma, maana amebaki na nguvu zake zote na akili zake zote na hajui afanye nini nazo. Baadae binti Lyra anamwomba amwonyeshe kwanini haiwezekani kumdanganya dubu, wanachukua fimbo, anajaribu kumchoma, na kila akizuga huku ili apige kule dubu hata hashtuki, anajua lipi ni pigo la kweli na lipi la kuzuga, na la kweli analipangusa tu kwa ukucha. Dubu hazugiki. Anaona anachokiona, hakuna kitu kati ya jicho lake na ulimwengu.

Alafu kuna yule mfalme mwingine wa dubu, Iofur, kule Svalbard. Huyu anataka kuwa mtu. Kajenga jumba, kavaa mapambo, na kwenye ule ulimwengu kila binadamu ana roho yake inayotembea nje kwa umbo la mnyama, sasa yeye hana, kwahiyo anakaa na mwanasesere gotini akijifariji kwamba ndo roho yake. Na huyu ndo Lyra anaweza kumdanganya! Anamdanganya kirahisi kabisa, kwasababu kadri alivyotamani kuwa binadamu ndivyo alivyopoteza ile akili ya kidubu ya kutozugika. Wakipigana, Iorek anashinda kwa kumzuga, anajifanya mkono wa kushoto umeumia, Iofur anaamini. Na baada ya kumuua anapasua kifua anakula moyo wake mbele ya wote.

Kaa na hiyo picha kidogo. Huyu ndo dubu tunaempenda, mwenye ahadi, mwenye huruma kwa mtoto, alietembea usiku kucha na binti mgongoni. Na anakula moyo. Mwandishi mwoga angelikata hilo tukio au angeliweka gizani, maana linaharibu ule urafiki wetu na dubu, lakini Pullman ameliweka palepale kwenye ushindi, ili usije ukasahau kwamba wema wake haujawahi kuwa wema wa kibinadamu. Ni mwema kidubu. Anatimiza neno lake kidubu na anakula adui yake kidubu, na vyote vinatoka sehemu moja.

Upande wa lugha kuna mtego mwingine. Mnyama akifungua mdomo akasema maneno yetu, nusu ya ugeni wake inapotea palepale, kwasababu maneno yetu yamebeba nyumba zetu na aibu zetu na sala zetu. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein ana sentensi maarufu sana kwenye kitabu chake kilichotoka 1953, kwamba hata simba angeweza kuongea tusingemwelewa. Watu wamebishana sana alimaanisha nini, mi naichukua hivi: neno linaeleweka kwasababu ya maisha yaliyo nyuma yake, na maisha ya simba hatunayo. Akisema "nyumbani" anamaanisha nini, harufu? mpaka? kundi la dada zake?

Waandishi wameukwepa huu mtego kwa njia nyingi na baadhi ni za kipaji kweli. Ursula Le Guin, kwenye vitabu vyake vya Earthsea vilivyoanza mwaka 1968, aliwapa majoka Lugha ya Kale, lugha ambayo vitu viliumbwa nayo, na mtu akiitumia hawezi kusema uongo ndani yake, lakini joka anaweza kuipindapinda akakupoteza kabisa. Kwa mchawi ni lugha ya kujifunza kwa miaka mingi, kwa joka ni lugha ya kuzaliwa nayo. Kwahiyo ukiongea na joka wewe ndo mgeni, wewe ndo mwenye lafudhi, na ni mtu mmoja mmoja sana anaeweza kukaa naye akatoka salama. Miaka mingi baadae, kwenye kitabu cha 1990, akaongeza kwamba zamani watu na majoka walikuwa jamii moja, na tofauti yao ni nini kila upande ulikitamani, huku mali na kutengeneza vitu, huku uhuru na upepo.

Mwongozaji wa katuni wa Japani, Miyazaki, kwenye filamu yake ya Mononoke Hime ya 1997 alifanya kitu kidogo cha macho: mbwa mwitu Moro, mkubwa kuliko farasi, anaongea lakini mdomo wake hauchezi kufuata maneno. Sauti ipo, midomo imetulia, meno yanaonekana. Basi hiyo tu inatosha kukukumbusha kwamba hayo maneno hayajatengenezwa na koo kama lako. Na mule mule kuna nguruwe pori mzee, Okkoto, kipofu, anasema jamii yake inazidi kuwa ndogo na kuwa wajinga, na kama hali ikiendelea watabaki nyama tu ya kuwindwa. Hiyo sehemu imenikaa sana. Mule ukubwa na akili na upori vinakufa pamoja, ni kitu kimoja, watu wakikata msitu na kuyeyusha chuma hawaui tu miili, wanapunguza vizazi vijavyo mpaka wabaki wale nguruwe wadogo tunaowajua sisi, ambao hatudhani waliwahi kusema chochote.

Njia ya tatu ni kunyamaza kabisa. Lile joka jeusi kwenye filamu ya How to Train Your Dragon, 2010, halisemi neno hata moja, lakini kuna sehemu linachukua mti mzima linachora mistari mchangani baada ya kumwona kijana akichora, na kijana akikanyaga mstari linanguruma, akinyanyua mguu linatulia, akikanyaga tena linanguruma. Hapo umeshajua lina akili, lina mali, lina mpaka, na lina kitu cha kusema. Sijui kama maneno yangesema zaidi. Kunyamaza kuna faida nyingine pia, mtazamaji anabaki na kazi ya kubahatisha, na hiyo kazi ndo inafanana na maisha halisi na mnyama yeyote mkubwa.

Njia ya akili kwa akili, mnyama anaongea kichwani mwako bila sauti, ndo imetumika sana, na ndo mi naionea wasiwasi. Majoka wa Pern wa Anne McCaffrey, kitabu cha kwanza 1968, wanamchagua mpandaji wao sekunde wanapoanguliwa, wanaongea naye kichwani maisha yote, na mpandaji akifa joka anajiua. Inagusa moyo, nakubali, na wasomaji wengi wamelia humo. Lakini uliza lile swali la breki. Inatoka wapi? Inatoka kwa binadamu, tena vitabu vyenyewe baadae vinaeleza kwamba hao majoka walitengenezwa na watu kwa sayansi kutoka kwa viumbe vidogo vya sayari ile. Wana akili, wana moto, na ni mifugo, yaani wale mbweha wa Siberia waliokuzwa wakapewa mabawa. Sisemi ni stori mbaya, nasema ni stori ya aina nyingine, ya mapenzi kati ya mtu na kilichotengenezwa kwa ajili yake, na ukiisoma kama stori ya pori utakuwa unajidanganya.

Kuna mwandishi aliechukua mgogoro huohuo akaugeuza kuwa hoja. Naomi Novik, kwenye mfululizo wake wa Temeraire ulioanza 2006, anaweka majoka kwenye vita vya Napoleon kama jeshi la anga, na joka wake anasoma vitabu, anapenda hesabu, na anafika China anakuta majoka wanatembea mitaani kama raia wengine, wakati Uingereza wanawekwa mbali na watu. Anaanza kuuliza kwanini hatulipwi. Swali rahisi tu, na hakuna ofisa mwenye jibu la maana. Pale unaona kitu kinachotokea akili ikishakubalika kwa kinywa: haiwezekani tena kusema ni mnyama wetu. Kinachobaki ni mkataba au utumwa.

Kwenye hadithi zetu yupo mnyama mkubwa wa namna tofauti kabisa, na naona anafaa kutajwa maana anaonyesha upande wa pili. Ni Nunda mla watu, iliyoandikwa kwenye mkusanyiko wa hadithi za Unguja wa Edward Steere mwaka 1870. Anaanza akiwa paka wa sultani. Anakula kuku, watu wanashitaki, sultani anasema paka wangu na kuku wangu, muacheni. Anakwenda kwa mnyama mkubwa zaidi, jibu lilelile. Anakula watu, jibu lilelile. Mpaka anapokula watoto wa sultani ndo sultani anakubali kwamba huyu sio paka tena, ni nunda. Na mwanae mdogo anatoka kumsaka, kila mnyama anaemuua anamleta kwa mama yake akiimba, na mama anamjibu mwanangu siye huyo, mpaka anampata. Nunda hasemi lolote hadithi nzima. Hatuambiwi anafikiri nini. Lakini tazama kilivyopangwa, mnyama ni yuleyule tangu mwanzo, kinachobadilika ni jina, na jina linabadilika siku mwenye mali alipoguswa. Sultani alidhani ana mfugo kwasababu tu alisema wangu.

Na hapa nafika kwenye kitu ambacho kwa anaeandika fantasia kwa Kiswahili au anaetafsiri naona ni kikubwa kuliko vyote nilivyosema. Lugha yetu mnyama na mtu wanakaa ngeli moja. Simba amelala, mtoto amelala, hakuna tofauti, tayari tumeshampa mnyama nafasi ya kuwa "yeye" bila kuomba ruhusa ya mtu. Lugha nyingine inabidi mwandishi aamue kama mnyama ni yeye au ni kitu, sisi tumezaliwa uamuzi umeshafanyika. Ila tukimkuza tu, mambo yanabadilika. Nyoka akawa joka, mtu akawa jitu, na tunaanza kusema joka lilitoka pangoni, jitu likaanguka. Ukubwa umempeleka kwenye ngeli ya jiwe na jembe na gari. Yaani kwa sarufi yetu, kadri mnyama anavyokuwa mkubwa na wa kutisha ndivyo tunavyomuondolea ile "a" ya mwenye roho, nami mwenyewe hapo juu nimesema lile joka jeusi "linanguruma" bila kufikiri.

Kwahiyo mwandishi akifika pale joka linapotoa kichwa pangoni ana chaguo ambalo sarufi yetu inampa. Anaweza kuanza na "li" kurasa zote za mwanzo, joka linanguruma, joka linateketeza, watu wote mule ndani wanalisema hivo kwasababu wanaliogopa na hawajawahi kuongea nalo, alafu sentensi moja tu, bila maelezo yoyote, bila mtu yeyote kushangaa, sarufi ibadilike: joka akageuza shingo, akamtazama yule mtoto, akamuuliza ametumwa na nani.